Nilimsifu Mnyoosha Mifupa, Sasa Nahofia Miguu ya Mtoto

Mpendwa mshauri, assalaam alaykum, na baada ya salamu nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa kuwa mwanzo wake nitaonekana mtu mwema na mwisho wake sijui nitaonekana nani. Mimi ni mwanamke wa Kibokoni, umri wangu umepita hamsini kidogo, mume wangu alifariki, na kazi yangu ni ukandaji, kazi niliyoirithi kwa mama yangu naye aliirithi kwa mama yake, nakanda wazazi na watoto wachanga siku zao arubaini, nakanda viuno na mabega ya akina mama wenzangu. Majina nitakayoyataja humu nimeyabadilisha, nisamehe kwa hilo, mji wetu ni mdogo na watu wajuana.

Shida ilianza kwa shingo. Mwezi wa Mfungo Tano nilishikwa na shingo nikawa sigeuki kulia wala kushoto, mtu akiniita nyuma nageuka mwili mzima kama mlango, nikajichua kwa mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu, nikajifunga kitambaa cha moto, nikaacha kazi wiki tatu nikikaa kitako tu, na kila aliyekuja kunitazama alicheka akisema kweli mganga hajigangi. Jirani mmoja akaniuliza kwa nini siendi kwa Bwana Abdeali, pale Ndia Kuu, ghorofani. Huyu Bwana Abdeali ni kijana wa mji huu huu, wazee wake ni watu wa duka, naye alikwenda Ulaya akakaa miaka akasoma elimu wanayoiita osteopathi, yaani kutibu kwa mikono mitupu, kuibonyeza mifupa ya uti wa mgongo na kuirudisha mahali pake, hatumii kisu wala dawa, na shahada yake ameitundika ukutani ndani ya kioo. Nikaenda. Alinipokea kwa adabu, akaosha mikono mbele yangu, akaniuliza nakandaje na nimejifunza kwa nani, akanambia kwamba mimi na yeye kazi yetu ni moja, na mshauri, tangu nianze kazi hii hakuna msomi hata mmoja aliyepata kuniambia hivyo, wengi hutuona washenzi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakizungusha ghafla, shingo ikalia ka, nikageuka nikaliona dirisha lililokuwa mgongoni kwangu.

Sasa yaliyobaki sijamwambia mtu. Nilikwenda kwake Ijumaa. Shingo yangu ilikuwa imeanza kulegea tangu Jumatano, nilimgeukia paka aliyekuwa akinusa samaki jikoni, nikamfukuza, ndipo nikashtuka kwamba nimegeuka, na Alhamisi nikaswali na mwisho wa swala nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto, kwa maumivu kidogo tu, na wiki zote zilizopita nilikuwa nikitoa salamu kwa macho peke yake. Lakini miadi ilikuwa imekwisha kuwekwa, nikaona haya kutokwenda.

Ulipofika Mfungo Sita tukasoma maulidi ya akina mama nyumbani kwa Bi Sheikha, na baada ya kisomo, kahawa na halua zikipita, wakaniuliza shingo imekuwaje. Ningesema imepoa, alhamdulillahi, na mambo yangekwisha pale. Lakini wote walikuwa wamenitazama mimi, na nikasimulia nilivyoingia sigeuki na nilivyotoka nageuka, ile Jumatano nikaimeza, ile Alhamisi nikaimeza, nikaigeuza shingo huku na huku mbele yao wakacheka na kusema mashaallah. Nawe ukiwa mtu wa mji wajua desturi yetu wakandaji, hatusifiani, kila mmoja humtia mwenziwe ila, huyu mkono wake mzito, yule mafuta yake yameoza, kwa hivyo mkandaji akimsifu mtu mwingine anayetibu kwa mikono watu huchukua kwamba amemdhamini. Wiki ile ile wakaanza kupanda ngazi za Bwana Abdeali. Nawajua kumi na mmoja waliokwenda kwa neno langu, na kusema kweli wengi walirudi wakishukuru, viuno na mabega, nami nikazipokea shukrani hizo na nikazifurahia.

Miongoni mwa waliokuwako siku ile ni Mwanakhamis, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mimi mpaka nikamwoza, naye ana mtoto mmoja tu, Badawi, miaka sita. Siku zile zile za maulidi Badawi alianza kulalamika mgongo, ikifika jioni mwili wapata joto, asubuhi shuka limelowa jasho, akakonda, akaacha kukimbia na wenzake. Mimi niliona jambo moja nikanyamaza. Gololi ikimwanguka hainami kuiokota, huchutama mgongo umesimama wima kama aliyefungiwa ubao, akaiokota, kisha akajishika mapaja kwa mikono ndipo ainuke. Halafu nikauona mfupa mmoja katikati ya mgongo umetokeza, mdogo tu, nikaweka kidole juu yake akaruka kwa uchungu, na kwa miaka thelathini ya kupitisha mikono kwenye migongo ya watu sijapata kuukuta mfupa kama ule.

Mwanakhamis alimpeleka hospitali, wakampiga picha, daktari akasema yaonekana ni kifua kikuu kilichoingia mfupani, mtoto alazwe, afungwe plasta miezi, apigwe sindano na ameze dawa mwaka na nusu. Mwanakhamis akatoka pale analia, kwanza kwa ile plasta, pili kwa lile jina, maana jina hilo likiingia nyumbani jirani huacha kunywa maji kwako, na mtoto mwenyewe hakohoi hata mara moja, sasa kifua kikuu cha wapi? Akayakumbuka maneno yangu ya maulidini. Karatasi ya hospitali akaikunja akaitia sandukuni, na mtoto akampeleka kwa Bwana Abdeali, nami nikafuatana nao.

Bwana Abdeali alimgusa, akasema mfupa umetoka mahali pake, ukirudi damu itapita vizuri na homa itaondoka yenyewe. Akasema pia, bila ubaya wowote maana si mtu wa maneno, kwamba mifupa ya namna hii mara nyingi huwa imesukumwa tangu uchanga, kwa kukandwa vibaya. Mwanakhamis akanitazama. Aliyemkanda Badawi siku zake arubaini ni mimi, nilimvuta mikono na miguu, nikamshika vifundo vya miguu nikamning'iniza kichwa chini kama tufanyavyo sote, nikampitishia dole gumba kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni mpaka kiunoni, kila asubuhi, na nikijisifu kwamba huyu atakuwa na mgongo wa askari. Tangu siku hiyo nimefungwa mdomo, nikisema neno juu ya tiba naonekana najitetea, na nikinyamaza mtoto aendelea kubonyezwa.

Sasa ni wiki ya sita. Mwanzo alilala vizuri siku mbili tatu, sote tukafurahi. Kisha akaanza kujikwaa, ajikwaa pasipo na kitu, vidole vya mguu vyakwaruza sakafu. Alhamisi iliyopita baada ya kubonyezwa miguu ilikufa ganzi, babake akampakata mpaka nyumbani, hakusimama mpaka magharibi, na alijikojolea asijue kwamba amejikojolea. Bwana Abdeali alipoambiwa akasema hiyo ni ishara kwamba mfupa umeanza kusogea, mpaka sasa alikuwa akienda pole pole kwa kuwa ni mtoto, lakini Alhamisi hii atamlaza ubavu, bega alipeleke huku na kiuno akipeleke kule, mpaka mfupa ulie.

Jana Jumamosi nilikwenda kwake peke yangu, nikamuuliza kwa heshima, je, huko alikosoma uko ushahidi wa kielimu, wa watu waliopima na kuandika, kwamba mikono huondoa kitu kama kile mgongoni mwa Badawi. Hakukasirika. Akanionyesha vitabu vinene vya Kiingereza, mimi nasoma Kiswahili na msahafu tu. Kisha akatabasamu akanambia, "Ushahidi wa nini tena, mama? Ushahidi wangu mkubwa mjini humu ni wewe." Mshauri, nikashuka ngazi zile.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwanakhamis nikamwambia mtoto asipelekwe Alhamisi, arudishwe hospitali. Hakupaza sauti. Alikuwa akichambua mchele, akauweka ungo chini akanambia, "Shangazi, ndiwe ulonipeleka, na ndiwe ulomkanda. Sasa wataka niamini lipi?" Nikatoka. Mumewe, Jamaldin, ni karani katika bohari moja huko Shimanzi, mtu mpole, naye asema mambo ya mtoto mgonjwa yeye amemwachia mkewe na mimi kwa kuwa sisi ndio tunaojua. Karatasi ya hospitali hajaiona, na hajui kama ipo.

Naogopa, mshauri. Naogopa Alhamisi. Naogopa mtoto akizungushwa hatasimama tena, na naogopa nikisema kweli kuhusu shingo yangu hakuna mwanamke atakayenipa mwanawe nimkande, na zaidi ya yote naogopa kwamba pengine ni kweli, ni mimi niliyemvunja kwa dole gumba langu akiwa mchanga, na kila nikioga naitazama mikono hii. Nieleze, tiba hii ina ushahidi au haina? Na ikiwa haina, nifanye nini mimi niliyeisifu? Barua hii naiandika Jumapili na mtu ataileta kwa mkono.

Ni mimi, Mkandaji Mwenye Hofu, Kibokoni.

JIBU

Dada yangu, waalaykum salaam. Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi na gazeti hili hutoka Jumatano. Kwa hivyo unaposoma hapa leo ni Jumatano, na kesho ndiyo hiyo Alhamisi. Mtoto asibonyezwe tena, na mtu yeyote wa mikono, awe amesoma Ulaya au Kibokoni, wewe ukiwamo, asimguse mgongo hata kwa mafuta. Hilo lishike kwanza, mengine yatafuata.

Ungetia jina lako la kweli na nyumba yako, Jumatatu ile ile ningekuwa mlangoni kwako. Niliuliza nikatajiwa wakandaji wanne wa Kibokoni, wa kwanza niliyemfikia alidhani nimekuja kumchunguza akanifukuza, wa pili amekwenda Lamu, na hao wengine hawakuwako majumbani. Haya yako ya jina yametupotezea siku mbili, na nimeichapa barua yako nzima, bila kupunguza neno, nikijua kwamba kabla ya adhuhuri mtaa utakuwa umekwisha kukutambua. Ukinichukia, nichukie. Afadhali unichukie huku ukitembea kwenda kwa Mwanakhamis.

Umeuliza swali zuri, na ulimuuliza mtu aliyestahili kuulizwa. Nami nimelipeleka kwa daktari mmoja anayenisaidia katika safu hii, ambaye hapendi kutajwa, akanieleza hivi. Mgongo au shingo ya kawaida, ya mtu aliyeinua gunia vibaya au aliyelala vibaya, mara nyingi hupoa yenyewe baada ya wiki chache, ukanda usikande. Na mtu huenda kutafuta tiba lini? Siku maumivu yamefika juu kabisa. Kutoka juu hakuna pa kwenda ila kushuka, basi yeyote aliyemshika siku hiyo, awe wa kunyoosha, wa kombe la aya au wa vidonge, ndiye atakayebebeshwa shukrani. Ndiyo maana watu wa utafiti hawatosheki na mtu mmoja aliyepona akasimulia. Huwachukua wagonjwa wenye shida moja, wakawagawa kwa kura, hawa wakanyooshwa na hawa wasinyooshwe, kisha akaja mtu asiyejua nani alifanywa nini, akawapima wote.

Juu ya tiba hii, asema, majaribio ya namna hiyo bado ni machache na madogo. Kwa alivyosoma yeye, mwenye maumivu ya kiuno pengine hupata nafuu siku za mwanzo, na baada ya muda aliyenyooshwa na asiyenyooshwa huwa sawa. Nafuu hiyo siibezi, anayebeba mizigo kutwa akipunguziwa maumivu hata kwa wiki moja ni heri kubwa, na hao kumi na mmoja wako waliofurahi siwanyang'anyi furaha yao. Lakini kwa homa, kwa kukonda, kwa mfupa unaoliwa na ugonjwa, daktari hajaona ushahidi wowote. Na mfupa unaoliwa, akaniambia, huwa umelainika, na mishipa inayoamrisha miguu na mkojo inapita papo hapo nyuma yake, kwa hivyo kuuzungusha ni hatari kubwa. Nilipomsomea mahali pa Badawi kujikojolea bila kujua, akaniuliza mtoto huyo yuko wapi sasa hivi. Nami nikaogopa, dada yangu, sikufichi.

Sasa utazame huo ushahidi mkubwa wa Bwana Abdeali. Ni shingo moja, na shingo yenyewe ilipoa Jumatano, daktari wake akiwa paka. Alhamisi ulipotoa salamu kulia na kushoto kesi ilikwisha, tena ukiwa na udhu. Baada ya hapo ukaenda ukazungushwa kichwa kwa ajili ya haya, ukasimama mbele ya akina mama waliotoka kumsalia Mtume ukawapa nusu ya maneno. Nakuelewa. Kutwa wawashika watu miguu na hakuna anayekusikiliza, siku moja msomi akakuita mwenzake, na siku nyingine nyumba nzima ikakutazama. Ni tamu. Lakini wewe wajua kuliko mimi kwamba neno la mkandaji kwa mwenziwe si neno la barazani, na ulilitoa.

Kuhusu dole gumba lako, punguza hofu. Mtoto uliyemkanda siku arubaini, kisha akakimbia na kuruka ukuta miaka mitano bila kulalamika, mgongo wake hukuuvunja wewe. Ndivyo alivyosema daktari, na akasema pia kwamba ugonjwa huu huingia mfupani bila kikohozi, kwa hivyo Mwanakhamis asijidanganye kwa kifua kilicho kimya. Ila nawe ujiulize kidogo. Mara ngapi umemwambia mzazi kwamba pua ya mwanawe imechongoka kwa mkono wako na kichwa kimekaa duara kwa mkono wako? Ulijuaje? Vichwa vya watoto hukaa vyenyewe, na wewe ukachukua shukrani, kama alivyochukua Bwana Abdeali shingo yako. Yeye si mwongo. Anaamini alichokiona, na wewe ndiye uliyemwonyesha.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Nenda kwa Mwanakhamis, usianze habari ya mifupa, hamtaelewana. Mwambie Jumatano. Mwambie paka, mwambie swala ya Alhamisi, umwambie kwamba ulikuwa mzima ulipopanda ngazi zile na kwamba maulidini uliliacha hilo kwa kupenda kusikilizwa. Umemlea wewe, anaijua sauti yako unapoficha na anaijua unaposema kweli. Kisha mwambie alifungue sanduku, aitoe ile karatasi. Mtu atumwe Shimanzi kwa Jamaldin, aombe ruhusa kazini aje mara moja, na asome mwenyewe kilichoandikwa. Habari ya kuwaachia wanawake mambo ya mtoto mgonjwa ni adabu nzuri siku za mafua, leo hapana. Badawi asitembee kwenda hospitali wala asipakatwe amejikunja. Alazwe chali juu ya godoro lake, godoro liinuliwe na watu wawili litiwe garini, na mwambieni daktari kila kitu, wiki zote sita, miguu, na ule mkojo. Msifiche kwa kuona aibu. Plasta inatisha kwa macho, lakini daktari anasema wengi wa watoto wanaowahishwa hutoka humo wakatembea, na hakuniahidi zaidi ya hapo, nami siwezi kukuahidi.

Kesho saa ya miadi ya Badawi, ukapande ngazi za Ndia Kuu wewe. Umwambie Bwana Abdeali kwamba ushahidi wake umekuja kujirekebisha. Umpe siku na saa, kama ulivyonipa mimi. Daktari aniambia hata elimu hiyo yao ina orodha ya mifupa isiyoguswa, na mfupa wenye ugonjwa ni mmojawapo, basi akiwa msomi kweli atashtuka na atakushukuru, na akikukasirikia utakuwa umemjua. Na akina mama wakikutana tena, kwa maulidi au kwa arusi, uliyoyameza uyatapike mbele ya wale wale. Wako watakaokunyima watoto wao. Wengine watakuja kwako kwa sababu hiyo hiyo, maana mkandaji anayesema "hili silijui, mpelekeni hospitali" ni adimu.

Lililo gumu nimeliweka mwisho. Mwanakhamis atakwambia wewe ndiye uliyemvunja mwanawe. Mimi nimekupa majibu ya daktari, lakini leo usiyatumie, usijitetee hata kidogo, kwa kuwa mtabishana mpaka alasiri na mtoto atabaki kitandani. Mwambie, "Huenda ni mimi, mwanangu. Twende wakatazame." Akitaka kukulaumu njia nzima mpaka mlango wa hospitali, mwache akulaumu, mradi mtoto yuko mbele yenu. Lawama ya bure utaibeba na utaishi nayo, na picha ya hospitali itakutetea siku zake zikifika. Lakini kama Badawi atapoteza miguu kesho kwa sababu leo uliona haya, usiniandikie tena, dada yangu, maana jibu sitakuwa nalo.

Haya, weka gazeti chini, vaa buibui lako, utoke.